Carré Iliyochorwa Kichwani

"Dakika zangu zinaenda!" alilalamika kijana aliyeshika maneti ya kuchezea.

Kwenye televisheni picha za watu wa Los Santos zilikuwa zikipokezana, muziki ukipiga, na mchezo wenyewe haujaanza. Kijana alikuwa amelipa franka 500 kwa robo saa ya GTA V. PlayStation 3 ile kuukuu, ambayo kifuniko chake kimekazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ilikuwa imeshakula karibu dakika mbili ikijiandaa. Mwenye chumba hakugeuka. "Saa inaanza wakati mashini inawaka," alisema, huku akinyoosha noti zilizokunjamana juu ya paja. Wenzake waliobanana kwenye benchi walicheka, kwa kuwa kila mmoja wao ameshawahi kulia kilio hicho hicho.

Nilikuwa nimefika Kambove kwa shughuli ya familia. Ukitoka Lubumbashi unakwenda kama kilomita 120 hadi Likasi, kisha unachukua kipande kifupi cha kaskazini-magharibi, udongo unazidi kuwa mwekundu, na mara unaona vilima ambavyo Mungu hakuviumba: ni mabaki ya mgodi, yamerundikwa tangu enzi za Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Mji umekaa juu ya shaba na kobalti. Jumamosi mchana vijana wake, wanaochimba na wasiochimba, hukutana kwenye vyumba vya namna hii, ambavyo hapa huitwa sale ya play.

Kwa kuwa mashine ilikuwa bado inajiandaa, nikawapa kisa cha kungoja nacho. Zamani, PlayStation ya kwanza ilipotoka, kampuni ya Japani iitwayo Namco, wale wale wa Pac-Man, ilitengeneza gemu ya magari, Ridge Racer. Diski ilipokuwa ikisomwa, mchezaji hakuachwa akitazama ukuta. Alipewa Galaxian, gemu ndogo ya kupiga risasi, achezee hadi magari yawe tayari. Watu walifurahi. Kisha Namco ikaliombea wazo hilo brevet huko Marekani, ikaipata mwaka 1998. Brevet ndiyo ambayo waandishi wa Dar es Salaam huiita hataza: karatasi ya serikali inayosema kwamba kwa muda fulani jambo hili ni langu, na mwingine akilifanya bila ruhusa yangu nitamburuza mahakamani. Karatasi ile ilikwisha muda wake mwishoni mwa 2015. Katika miaka hiyo yote watengenezaji wengi waliogopa kuweka mchezo mdogo mahali pa kungojea, na mamilioni ya watu duniani wakatazama mistari ikijaa polepole.

Kijana mmoja aliyevaa jezi nyeusi na nyeupe ya Mazembe alinikatiza. "Papa, lakini FIFA inakuachaka upige mpira ukingoja."

Swali la haki. Unapoingoja mechi ya FIFA unapewa mchezaji mmoja, golikipa na goli, upige upendavyo. Nikamjibu kwamba, kwa ninavyoelewa, Namco walichorea uzio gemu ya pili inayotangulia gemu kuu, na kupiga mpira ndani ya gemu ya mpira ni mazoezi ya gemu ile ile. Akafikiri kidogo. Mwingine nyuma yake, mwembamba, kucha zake zina rangi ya udongo, akasema neno ambalo nimeondoka nalo:

"Basi ile ni carré. Bale Bajaponi balikamata carré mu kichwa ya batu."

Msomaji wa Mombasa au Zanzibar atahitaji maelezo. Mtu wa Haut-Katanga hahitaji. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliigawa Kongo nzima katika miraba, kila mraba una karibu hekta 85, na kila anayetaka kutafuta au kuchimba madini kwa kiwango cha viwanda huomba miraba yake kwenye Cadastre Minier. Miraba hiyo, carré, haionekani ardhini. Hakuna ukuta wala kamba. Unaweza kuzaliwa juu yake, ukalima mihogo juu yake, ukamzika babu yako juu yake, halafu siku moja akaja mtu na ramani akakuonyesha kwamba miguu yako imesimama ndani ya mstari wake. Creuseur, mchimbaji wa mkono, anaijua carré kwa kufukuzwa. Ndiyo maana vijana wa Kambove hawakuhitaji mhadhara juu ya hataza za programu. Walichokuwa hawakijui ni kwamba miraba inaweza kuchorwa hata mahali pasipo na udongo.

Mfano wao unafaa kuliko mingi niliyosoma, ila unachechemea mguu mmoja. Kibali cha kuchimba chini ya sheria ya 2002 kilikuwa cha miaka 30. Marekebisho ya 2018 yakakifanya miaka 25, na kinaweza kuhuishwa kwa miaka 15 mingine. Hataza ni miaka 20 tu tangu iombwe, na ikifa haifufuki. Ya Namco ilipokwisha, wazo likawa la kila mtu. Carré ya udongo, kwa kawaida, ikimwisha mwenyewe huwa imebaki shimo.

Hapo sale ikagawanyika, na mashine ikasahauliwa kwa muda. Niliwasimulia habari ya Septemba 2024, Nintendo na wenzao wa Pokémon walipoipeleka mahakamani Tokyo kampuni ndogo ya Pocketpair, iliyotengeneza Palworld. Hawakusema "mmetuibia picha". Walidai hataza zao zimekiukwa, pamoja na ile ya namna ya kurusha kitu ili kumnasa kiumbe. Pocketpair ikaanza kubadilisha gemu yake kesi ikiendelea: kurusha kile kidude ili mnyama wako atokee kukaondolewa. Wa jezi ya Mazembe aliona ni sawa kabisa. Aliyetangulia alihangaika, alilipa watu, aliota wazo usiku. Kwa nini mwingine ale bila jasho? Wa kucha nyekundu akamuuliza kama kurusha kitu ni wazo. "Tangu utoto tunatupaka majiwe ku maembe. Nani atatulipisha?"

Mahakimu wa dunia nao hawajaafikiana, kama hao wawili. Mkataba wa hataza wa Ulaya wa 1973 unasema programu ya kompyuta yenyewe kama yenyewe si uvumbuzi wa kupewa hataza, na tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya lilipoletewa pendekezo la kuulegeza mlango huo lililikataa kwa kura 648 dhidi ya 14. Marekani walikuwa wakarimu zaidi hadi 2014, Mahakama yao ya Juu ilipoamua, katika kesi ya Alice na CLS Bank, kwamba kulichukua wazo la kawaida na kuongeza "lifanye kwa kompyuta" hakutoshi. Kongo ina sheria yake ya mali ya viwanda, namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na haimo katika OAPI, shirika la hataza la nchi nyingi zinazosema Kifaransa, wala ARIPO, la majirani zetu wa mashariki. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Kwa hiyo ile ya Namco, ya Marekani, haikuwa na nguvu yoyote Kambove. Lakini diski hutengenezwa kwa hofu ya mahakama za huko, na hofu huja imeshachomwa ndani yake.

Pembeni ya mlango, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikuwa ameketi mzee mmoja, mstaafu wa Gécamines, anayekuja sale kwa sababu kuna kivuli na kelele. Alikuwa amenyamaza muda wote. Alipoongea hakuzungumzia gemu. "Shinkolobwe," alisema, "nayo ilikuwa na brevet?"

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba ilikuwa nayo.

Shinkolobwe imo katika hii hii wilaya ya Kambove, upande wa Likasi. Ni mgodi wa urani, ulifungwa rasmi mwaka 2004 na hauruhusiwi mtu. Mwanzoni mwa Mei 1939, kabla ya vita, wanasayansi wa Paris, Frédéric Joliot-Curie na wenzake Hans Halban na Lew Kowarski, waliandikisha hataza za siri juu ya kupata nishati kutoka kwenye urani. Moja ilihusu milipuko. Yaani bomu lilikuwa na karatasi yake kabla halijakuwapo. Na kwa kuwa karatasi bila urani ni bure, mwezi huo huo Joliot aliingia katika mazungumzo na Union Minière, wenye Shinkolobwe. Vita ikavuruga yote. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameshahamisha kiasi cha tani 1,200 za mawe hayo hadi ghala moja la Staten Island, New York. Jeshi la Marekani likayanunua mwaka 1942. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwenye udongo huu.

Mzee alitikisa kichwa. Hayo alikuwa ameyasikia. Asilolisikia, na ambalo lilizima kelele za benchi, ni yaliyompata mmoja wa mafundi wa bomu lile. William Higinbotham aliongoza kikundi cha elektroniki huko Los Alamos, wakitengeneza saketi za kuhesabu muda wa mlipuko. Baada ya vita alijuta, akashika kazi ya kupinga silaha za nyuklia, akaajiriwa katika maabara ya Brookhaven, Long Island. Kutoka ghala lile la Staten Island hadi Brookhaven ni umbali unaokaribia ule wa Lubumbashi na Likasi. Oktoba 1958 maabara ilitarajia wageni wa kutembezwa, na Higinbotham aliona maonyesho yao yanachosha. Akaunganisha kompyuta na kioo kidogo cha mviringo cha oskiloskopu, akatengeneza mpira wa mwanga unaoruka juu ya wavu, na visanduku viwili vya kushika mkononi, kila kimoja na kitufe chake. Wageni wakapanga foleni. Ni miongoni mwa gemu za video za kwanza kabisa duniani, na wengi huiita ya kwanza ya burudani tupu.

Hakuiombea hataza. Hakuona kama ni kitu, na hata angeiomba ingekuwa ya serikali iliyomwajiri. Aliyeomba ni mwingine, Ralph Baer, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, aliyevumbua kwa njia yake mwenyewe mashine ya kuchezea kwenye televisheni ya nyumbani; ikauzwa na Magnavox kama Odyssey mwaka 1972. Kwa karatasi za Baer, Magnavox ikaishtaki Atari iliyotoa Pong. Wakapatana 1976, Atari ikalipa. Magnavox ikawashtaki wengine, ikashinda au kulipwa, miaka nenda rudi. Nintendo, ambao leo ndio wanaoshika fimbo, miaka ya 1980 walikuwa upande wa kuchapwa. Katika kujitetea walikwenda kumfufua Higinbotham na mpira wake wa mwanga: tazameni, kulikuwa na mtu kabla ya Baer! Mahakama haikushawishika.

"Kwa hiyo urani yetu ilizaa gemu," alisema wa jezi ya Mazembe, kwa fahari.

Sikuwa na uhakika kama nimkosoe. Urani haikuwa ndani ya oskiloskopu ile. Ni mikono tu iliyokuwa ile ile. Lakini kama kuna mji wenye haki ya kudai ujamaa na maneti, basi Kambove unaweza kudai angalau ubinamu.

Udugu wa damu uko kwenye betri. Maneti ya PlayStation 3 ina betri ya lithiamu ndani yake, simu zote zilizokuwa mifukoni humo zinayo, na betri za namna hiyo kwa miaka mingi zimetegemea kobalti, ambayo zaidi ya theluthi mbili ya inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Aliyegundua kwamba oksidi ya kobalti na lithiamu hufaa kuwa upande mmoja wa betri ni John Goodenough na wenzake, Oxford, mwaka 1980. Chuo kikuu chake hakikutaka kugharamia hataza. Akaikabidhi kwa maabara ya nyuklia ya serikali ya Uingereza, Harwell, nayo ndiyo iliyovuna. Sony wakaanza kuuza betri hizo mwaka 1991, dunia ikajaa simu. Goodenough mwenyewe hakupata malipo ya hataza ile hata senti. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Whittingham na Yoshino, akiwa na miaka 97.

Niliyasema hayo nikidhani nasimulia habari za mbali. Wa kucha nyekundu aligonga meza.

"Kumbe ule muzee naye alikuwa creuseur! Yeye anachimbaka, mwengine anauzishaka."

Sale nzima ikacheka, na mwenye sale akawanyamazisha kwa sababu jirani ana mgonjwa.

Nimekuwa nikisoma kurasa za teknolojia za magazeti kwa miaka na sijawahi kuziona zikisomwa kama zinavyosomwa hapa. Habari kwamba simu mpya imetoka Marekani haimshtui mtu. Ile ya kodi ya RAM, iliyokuwa ikikata dola kwenye unité za simu zao kuanzia Septemba 2020 hadi serikali ilipoiondoa mapema 2022, bado wanaikumbuka kwa matusi ambayo mhariri wangu hatayaacha. Lakini inayosomwa kwa kina, kwa sauti, mara mbili, ni habari ya betri isiyo na kobalti.

Na hapo ndipo kufa kwa karatasi kulipoleta msiba badala ya sherehe. Betri ya chuma na fosfati, isiyohitaji kobalti hata chembe, ilitoka katika maabara ya huyo huyo Goodenough, safari hii Texas, miaka ya 1990. Hataza zake ziligombaniwa mahakamani kwa muda mrefu, na nje ya China wengi waliziogopa. Oktoba 2021 Tesla ilitangaza kwamba magari yake ya masafa ya kawaida yatatumia betri hizo duniani kote, na kufikia 2022 hataza kuu zilikuwa zimefika mwisho. Uzio umeanguka, kila mtu anaingia, na anayeingia haulizi tena bei ya mawe ya Kambove. Kobalti iliyokuwa karibu dola 80,000 kwa tani katika miezi ya kwanza ya 2022 ilishuka hadi chini ya dola 25,000 mwanzoni mwa 2025. Sababu kubwa ni kwamba ilichimbwa nyingi mno, tusiibebeshe betri ya chuma lawama zote. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji nje wa kobalti, na tangu Oktoba mwaka huo unaruhusiwa kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026.

Mwenye sale haisomi London Metal Exchange. Ana daftari. Alinionyesha kurasa zake: kila mechi ni kijistari, vijistari vitano vinafungwa kwa kimoja cha kukata. Mwezi ambao wanunuzi wa madini wanalipa vizuri, ukurasa unajaa hadi pembeni. Mwezi mbaya, vijana wanakuja kutazama tu. Hakuna mchambuzi wa soko ambaye ningemwamini kuliko daftari lile.

Kwenye kona ya nyuma, karibu na dirisha, alikaa fundi wa sale, kijana wa miaka kama ishirini. Maneti zake hazina waya tena. Bandari za kuchajia zimekufa siku nyingi. Yeye hufungua kompyuta za mkononi zilizotupwa, hutoa zile betri za mviringo kama vidole, huzipima moja moja kwa kipima umeme, zilizo hai huziunganisha mbili mbili na saketi ndogo ya chaja ya simu, na kuzifunga mgongoni mwa maneti kwa gundi na utepe mweusi. Maneti inakuwa nzito kama jiwe, lakini haizimi siku nzima. Wenye sale wa Likasi wameanza kumtafuta. Nilimuuliza kama amefikiria brevet. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyeuliza njia ya kwenda mahali aliposimama. Maombi yanakwenda wizara ya viwanda, Kinshasa. Kutoka hapa Kinshasa ni ndege.

Akachukua saketi iliyokuwa tayari, akakamulia gundi nyeusi juu yake hadi vipande vyote vikafunikwa, hakuna namba wala waya unaoonekana. "Juu bale ba Likasi basione," alisema, na kuiweka dirishani ikauke.

Wakati huo GTA ilikuwa imeshaisha muda na wa jezi ya Mazembe ameingia FIFA 14 na mwenzake. Alitafuta Mazembe kwenye orodha kwa mazoea tu, akijua haimo. Upande wa Afrika alizikuta Kaizer Chiefs na Orlando Pirates za Afrika Kusini. Klabu iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 haikupata nafasi ndani ya diski. Akachukua Real Madrid. Walikuwa moja kwa moja, dakika ya 81, kona inapigwa, umeme ukakatika.

Giza lilikuja na kelele. Maji ya Mto Lufira yanazungusha mitambo ya Mwadingusha, hapa hapa wilayani, tangu 1930, na mitambo hiyo ilikarabatiwa na kukamilika 2021 ili umeme wake usaidie mgodi mkubwa wa Kamoa-Kakula, upande wa Kolwezi. Hayo hakuna aliyeyataja. Ugomvi ulikuwa juu ya franka 500. Mmoja anasema mechi haikuisha, halipi. Mwingine anasema alikuwa akishinda. Mwenye sale aliwasha tochi ya simu, akaielekeza ukutani kwenye kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu nzito: COURANT IKIENDA MATCH INALIPWA.

"Nani aliandika ile?" aliuliza wa kucha nyekundu.

"Mimi."

"Lini?"

Fundi akainuka, akaisogelea katoni, akagusa herufi ya mwisho kwa kidole, na kidole kikatoka cheusi.